Vyumba vya Mama Jeni

Mtu wa Mpanda akipata safari ya Mwanza au Dodoma, na huko hana ndugu wa kumfikia, siku hizi hahangaiki sana. Anaelekezwa Makanyagio, nyumba yenye geti la bluu, kwa Mama Jeni. Atamkuta barazani, magunia mawili ya mchele kutoka Mamba yamefunguliwa midomo mbele yake, miwani imeshuka hadi ncha ya pua, simu mkononi. Ataulizwa mambo matatu: unakwenda lini, unakaa siku ngapi, na unakwenda kufanya nini. Hilo la tatu Mama Jeni hakuwa akiliuliza zamani. Alianza kuliuliza baada ya safari yake na rafiki yake Laurence.

Jina lake la ubatizo ni Eufrazia. Ni Mpimbwe wa kijiji cha Mamba, mtoto wa wakulima wa mpunga. Alikuja Mpanda akiwa msichana wa miaka ishirini na mbili, akaajiriwa mapokezi kwenye gesti ya Mzee Ponsian, mkabala na stesheni ya reli. Alikaa pale miaka ishirini na tatu. Gesti ilikuwa na vyumba tisa, ua wa saruji, na kamba nne za kuanikia mashuka. Siku za treni ndizo zilikuwa siku zenyewe. Treni ikipiga honi mbali huko kwenye kona, kabla hata haijaonekana, Eufrazia alikuwa tayari ameshajifunga kitambaa safi kichwani, amefungua kitabu cha wageni na kuweka kalamu juu yake. Halafu watu wanamiminika: wafanyabiashara wa samaki, walimu wapya wenye masanduku ya bati, warina asali kutoka Ugalla, akina mama wenye watoto waliolala migongoni. Stesheni yote ilikuwa ikinuka vumbi, mahindi ya kuchoma na moshi wa treni, na hata leo akikutana na harufu hiyo mahali, Eufrazia husimama kidogo.

Kazi yake kubwa ilikuwa kupatana bei. Alijifunza kumsoma mtu. Anayeuliza bei huku ameshika begi mkononi, huyo anaweza kuondoka. Aliyekwisha kuliweka begi chini, huyo amechoka, atalipa. Mzee Ponsian alikuwa amemwambia kwamba treni ikishashusha watu na bado kuna vyumba vitatu vitupu, apokee chochote mgeni anachotoa. Vikibaki viwili, asishuke kirahisi. Kikibaki kimoja, akae kimya, mgeni mwenyewe ajiongeze.

Nyuma, kwenye ua, alikuwapo mwanamke mwenzake, Laurence. Yeye ndiye aliyekuwa akifua mashuka, akiyapitisha kwenye maji ya bluu na kuyapiga pasi ya mkaa. Laurence alizaliwa Burundi, akaletwa makazi ya wakimbizi ya Katumba mgongoni mwa mama yake mwaka wa sabini na mbili, akakulia huko, akasoma huko, akaolewa huko. Alipokuja kufanya kazi gesti alikuwa bado anahesabiwa mkimbizi. Karatasi ya uraia ilipotoka, miaka mingi baadaye, mtu wa kwanza kuonyeshwa nje ya familia yake alikuwa Eufrazia. Waliitana kwa majina ya watoto wao wa kwanza, Mama Jeni na Mama Didace, na kila mchana, kazi ikitulia, walikaa kwenye ngazi ya jikoni wakila viazi vitamu kutoka sahani moja.

Mzee Ponsian alipofariki, watoto wake waliuza jengo. Barabara ya lami ilikuwa imeshafika, mabasi yakawa mengi, na wageni wa treni wakapungua. Pale palipokuwa na gesti sasa kuna duka la mabati na saruji. Laurence alirudi Katumba kulima mahindi na maharage. Eufrazia akaanza kuuza mchele anaoletewa na kaka yake kutoka Mamba.

Mambo ya vyumba yalimrudia kwa njia ya simu. Binti yake Jeniffer, ambaye ni nesi Dodoma, alikuwa amemwekea kwenye simu mtandao unaoitwa Taja Bei, ili mama akija kumtembelea wapate chumba karibu na hospitali. Hoteli zenye vyumba vitupu huviweka humo bila kutaja majina yao. Unachoona ni picha ya kitanda, eneo la mji, na nyota za hoteli. Wewe unataja bei yako. Hoteli ikikubali, hela inakatwa palepale kwenye simu, hairudi tena, ndipo jina linatokea. Ikikataa, huruhusiwi kujaribu tena eneo lile mpaka kesho yake. Au inaweza kukurudishia bei yake nayo, mkavutana.

Jeniffer alimweleza haya taratibu, akidhani mama atachanganyikiwa. Eufrazia alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kumbe ni kama gesti, ila mgeni haonekani."

Jaribio la kwanza alipata chumba cha Dodoma kwa chini ya nusu ya bei ya kawaida. Jirani akasikia, akaomba atafutiwe cha Mwanza. Kisha mwalimu mmoja wa Kibaoni. Kisha watu asiowajua kabisa. Alijua kwamba katikati ya wiki vyumba vinalala vitupu, na kwamba saa kumi jioni ndipo mtu wa mapokezi anaanza kuwa na wasiwasi. Kwa miaka mitatu alikuwa akiwalaza watu hotelini katika mji wa Mwanza ambao yeye mwenyewe hajawahi kuukanyaga.

Ndipo mwaka jana, mwezi wa tatu, Laurence akaja kutoka Katumba ameshikwa mkono na mke wa Didace. Macho yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, la kushoto likiwa baya zaidi. Alisema ni kama kutazama dunia kupitia gunia la sandarusi. Daktari alikuwa amemwandikia rufaa ya kwenda kupasuliwa Mwanza.

"Nitakwenda na nani, Mama Jeni? Didace yuko shamba, mvua ndiyo hii. Mke wake ana kichanga."

"Utakwenda na mimi," Eufrazia akasema, na palepale akachukua simu.

Laurence alikaa kwenye mkeka, uso ameuelekeza upande ilikotoka sauti ya mwenzake. "Hoteli inaitwaje?"

"Bado haijaniambia jina."

"Mana yanje, Mungu wangu! Unalipia nyumba usiyoijua jina? Wakitulaza kwenye kilabu cha pombe?"

"Ina nyota tatu."

"Hata mbinguni kuna nyota, na bado mtu anaweza kulala nje."

Eufrazia alicheka, lakini aliandika bei na kuifuta mara mbili. Kwa wengine alikuwa akitaja mara moja tu. Akataja ndogo. Hazikupita dakika mbili, hoteli ikarudisha bei yake, kubwa karibu mara mbili.

"Wamekataa?" Laurence akauliza.

"Wamejibu haraka mno," Eufrazia akasema. "Anayejibu haraka hivi amekaa bure, hana wageni. Tunywe chai kwanza."

Wakanywa chai. Saa kumi na dakika kumi akaongeza kidogo tu, kiasi ambacho mtu angeona aibu kukikataa. Simu ikakaa kimya, halafu ikalia. Chumba kimepatikana, vitanda viwili, siku nne, eneo la katikati ya mji. Jina likatokea, refu la Kizungu, na Laurence alipolisikia alijifunika mdomo kwa khanga kama msichana.

Walisafiri kwa basi. Laurence angependa treni, lakini siku za treni na siku ya hospitali hazikukubaliana. Njia nzima alikuwa akiuliza wamefika wapi, na Eufrazia alikuwa akimsomea mabango. Walipopita kwenye daraja lililo juu ya reli, Laurence alisikia mlio ukibadilika chini ya magurudumu, akasema, "Hapo tumevuka njia yetu."

Walifika Mwanza jua likiwa bado lipo. Hoteli ilikuwa ya ghorofa tatu, sakafu inang'aa, na kijana wa mapokezi, aliyejitambulisha kuwa ni Zablon, aliwaamkia vizuri na kupiga nakala ya vitambulisho vyao. Kisha akatoa ufunguo uliokuwa kwenye droo, si ule uliokuwa ukining'inia ukutani pamoja na wenzake.

Eufrazia aliiona ile droo, akajua kabla hajakiona chumba. Kilikuwa chini, nyuma, kimeshikana na jiko. Dirisha lilitazama jenereta. Ukutani bomba lilikuwa likidondosha maji. Laurence alipapasa kitanda, akaketi, akasema, "Pazuri. Pana joto."

"Kaa hapo kidogo," Eufrazia akamwambia, akarudi mapokezi.

"Mwanangu Zablon, kile chumba mnampa mgeni wa mtandaoni, siyo?"

Kijana alianza kukanusha. "Hapana mama, vyumba vyetu vyote ni..."

"Usijisumbue. Mimi nimekaa kwenye kiti kama hicho chako miaka ishirini na tatu. Na mimi nilikuwa nacho chumba kama kile. Ilikuwa namba saba, ukuta mmoja na choo, na tangi la maji juu yake. Mtu akinisumbua bei, nampeleka saba. Kwa hiyo sikulaumu. Lakini mwenzangu kesho anapasuliwa jicho, na akitoka huko anatakiwa alale bila kelele wala moshi. Angekuwa mama yako ungempa ufunguo gani?"

Zablon aliangalia ukutani. Funguo zilikuwa zimejaa. Akakuna shingo, akatabasamu kama mtu aliyekutwa analamba sukari, akautungua mmoja wa ghorofa ya pili. "Msimwambie meneja," akasema. "Na nyie mama zangu, chai ya asubuhi nitawaletea juu, msihangaike na ngazi."

Upasuaji ulikwenda salama. Laurence alirudishwa jicho la kushoto limefunikwa kwa pamba na plasta, ameagizwa alale chali na asiiname. Mchana ule mvua ilinyesha. Kutoka dirishani Eufrazia aliona mapaa ya mabati yakishuka hadi ziwani, na majabali makubwa yamekaa juu ya mji kama yaliyosahauliwa na mtu. Hapakuwa na la kufanya, kwa hiyo wakaanza kuzungumza ya zamani, kama wanavyofanya siku zote wakikutana. Walimzungumzia Mzee Ponsian na redio yake iliyokuwa haishiki stesheni mpaka ipigwe kofi. Walimkumbuka mwalimu aliyekaa wiki tatu akisubiri kupangiwa shule, akaishia kumwoa msichana wa mgahawa. Walikumbuka siku kamba ilipokatika mashuka kumi na nane yakaanguka matopeni, na treni tayari imeshapiga honi.

"Na yule Zefania," Eufrazia akasema. "Wa asali. Unamkumbuka?"

"Namkumbuka."

"Yule alikuwa ananipandisha presha. Kila safari ni kupatana nusu saa, na watu wamesimama nyuma yake. Nikawa simsikilizi tena. Akitokea tu mlangoni, ufunguo wa saba huu hapa." Akacheka. "Jana nilipoona kile chumba cha chini nilimkumbuka yeye."

Laurence hakucheka. Mikono yake ilikuwa imelala juu ya shuka.

"Nilikuwa nikimpelekea maji ya moto," akasema.

"Nani?"

"Zefania. Na wengine wote uliowatupa saba. Asubuhi, kabla hujafika. Wa kwanza kupelekewa maji walikuwa wao. Na blanketi la pili, lile lenye mistari, uliloliandika kwamba limepotea. Halikupotea. Lilikuwa likikaa saba."

Eufrazia alibaki anamtazama. Ile pamba nyeupe kwenye jicho ilimfanya Laurence aonekane mgeni.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungenikataza."

Eufrazia alifikiri, na kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine chumbani wa kujisafisha mbele yake, akasema, "Ningekukataza."

"Sasa je."

Mvua ilizidi, kisha ikapungua. Laurence aliendelea bila kuulizwa, kwa sauti ya mtu anayesimulia jambo la kawaida. Zefania alikuwa anasomesha watoto wa marehemu kaka yake, wanne, pamoja na wake. Kila shilingi ya chumba alikuwa anaitoa huko. Na kila alipoondoka alikuwa anamwachia Laurence kipande cha sega kwenye jani la mgomba.

"Ile asali tuliyokuwa tunachovyea viazi?" Eufrazia akauliza taratibu.

"Hiyohiyo."

"Ulisema inatoka kwenu Katumba."

"Nilisema hivyo ili ule."

Miaka mingapi hiyo? Eufrazia alijaribu kukumbuka, akashindwa. Alichokumbuka vizuri ni utamu wenyewe, na nta iliyobaki mdomoni aliyokuwa akiitafuna mpaka saa za jioni huku akiandika kwenye kitabu cha wageni. Alikuwa amekula kwa mkono wa mtu ambaye yeye mwenyewe alikuwa akimtupa kando ya choo. Aliinuka, akaenda dirishani, akageuza mgongo.

"Alikwenda wapi yule mzee? Maana ghafla hakuja tena. Nilidhani amepata gesti nyingine."

"Sijui, Mama Jeni. Hakuaga. Msimu mmoja alikuja, msimu wa pili hakuja. Nami nilimngojea."

Laurence akasema tena, "Usikae hivyo. Wewe ulikuwa na kazi yako, mimi nilikuwa na yangu. Ungekuwa unawapa wote chumba kizuri, Mzee Ponsian angekufukuza, na ningekaa na nani pale kwenye ngazi?"

Kesho yake plasta ilitolewa hospitalini. Daktari alimwambia Laurence afumbue jicho polepole, atazame dirishani, kisha ahesabu vidole. Alihesabu bila kukosea. Njiani alikuwa akigeuza kichwa huku na huku, akisoma mabango yote kwa sauti ya chini, maduka ya simu, saluni, bei za nguo, kama mtoto anayejifunza silabi. Walipoingia chumbani alisimama mbele ya kitanda chake, akakivuta kipande cha shuka, akakisogeza mwangani.

"Hili shuka halijatakata."

"Mama Didace..."

"Tazama mwenyewe. Lina unjano. Wamelisuuza mara moja tu, halafu wakaanika kivulini. Nyota tatu!"

Eufrazia alicheka mpaka akakaa sakafuni. Laurence naye akaanza, akajizuia, kwa kuwa alikatazwa kujitikisa. Zablon alipoleta chai aliwakuta wanafuta machozi, akaogopa kwamba jicho limeharibika.

Walirudi Mpanda siku ya Ijumaa. Tangu hapo Eufrazia alibadili jambo moja katika kazi yake, ambayo kwa kweli si kazi, maana watu humwachia wanachotaka, na wengine humwachia shukrani tu. Chumba kikishapatikana na jina la hoteli likatokea, sasa anapiga simu mapokezi. "Habari za kazi, mwanangu," anasema. "Kesho kutwa unampokea mzee anaitwa Maximilian, anatoka Mamba, anakuja kumwona mwanawe aliyelazwa. Hajawahi kupanda lifti. Kalipa kidogo kwa sababu mimi ndiye niliyepatana, yeye hana kosa. Mpe mahali pa kulala vizuri." Wengine humkatia simu. Wengi hawamkatii. Ndiyo maana anauliza mtu anakwenda kufanya nini.

Jeniffer alimwambia mtandao wenyewe haukukusudiwa kutumika hivyo. Eufrazia akamjibu kwamba hata gesti haikukusudiwa hivyo, na bado maji ya moto yalifika saba.

Kuna siku anapita kwenye lile duka la mabati, hasa asubuhi treni inapokuwapo. Ameuliza warina asali kutoka Ugalla, wawili au watatu, kama wanamjua Zefania fulani, mrefu, mwenye pengo. Mmoja alisema anamjua Zefania lakini ni mfupi. Bado anauliza.

Laurence siku hizi anachambua maharage mwenyewe, na akija mjini kuuza anashuka kwenye pikipiki bila kushikwa mkono. Mwezi uliopita alikuja na barua ya jicho la kulia. Tarehe ni ya mwezi wa saba, mahindi yakiwa yameshavunwa, na safari hii amesema kabisa kwamba wanakwenda kwa treni, hata kama itawabidi wakae Tabora siku nzima kungoja nyingine.

"Lete simu," akasema. "Leo nataja mimi."

"Unajua kutaja?"

"Nimekusikia ukitaja miaka ishirini na tatu."

Aliisogeza simu karibu na jicho lake jipya, akatafuta tarakimu moja moja kwa kidole kilichopasuka kwa jembe, akabonyeza kabla Eufrazia hajaona alichoandika. Hoteli haikuchukua hata dakika moja. Imekataa.

"Umetaja ngapi?"

Laurence akamwambia. Eufrazia alivua miwani, akaitazama ile namba, akaivaa miwani tena.

"Mama Didace, kwa hela hiyo hata saba nisingekupa."

Wakaiweka simu juu ya gunia la mchele, wakakubaliana kujaribu kesho yake saa kumi. Laurence alikuwa hana haraka, angelala Makanyagio. Eufrazia akaingia ndani kumtandikia kitanda, na Laurence akamfuata nyuma kuangalia kama mashuka ni meupe.